Nilimtafuta mwizi Norwe

Agosti 2019 nilimtuhumu kijana wa watu kwamba kaingia kwenye barua pepe yangu. Ushahidi wote niliokuwa nao ulikuwa neno moja: Norwe.

Nina nyumba ya wageni Jambiani, pwani ya kusini mashariki ya Unguja. Vyumba ni sita tu, lakini kazi yake yote inapita kwenye anwani moja ya Gmail niliyoifungua 2011, hata tofali la kwanza halijawekwa. Mgeni huulizia nafasi humo, ankara naituma humo, na humo ndimo anamoniandikia kwamba arubuni ameshaituma. Mwenye kuishika akaunti ile ameshika funguo za vyumba vyote sita, na kasha la fedha juu yake. Kwa hiyo ninaposema niliogopa, niliogopa kweli.

Ilikuwa asubuhi, msimu wa wageni umepamba moto. Kufungua simu nakuta onyo: kifaa kipya kimeingia kwenye akaunti yako jana usiku, mahali Norwe. Nikakaa kitako barazani, chai ikapoa mkononi. Norwe nzima nilikuwa namjua mtu mmoja. Mwaka uliotangulia alikaa kwetu kijana kutoka Bergen, miezi miwili mizima. Alinisaidia kupanga picha za vyumba kwenye laptopu ya ofisi, na wiki ya mwisho akatuchorea kibao cha barabarani kwa mkono wake, herufi za buluu, na ngalawa ndogo pembeni yenye tanga moja. Laptopu yangu aliishika. Norwe ndiko kwao. Hesabu yangu ikaishia hapo.

Nikamwandikia. Maneno yote sitayarudia, maana mengine bado yananichoma. Nilimwambia tulimpokea kama mtoto wa nyumba hii, naye katuingilia usiku. Alijibu mistari mitatu: hajaingia, nywila yangu haijui, na ameumia kusikia hivyo kutoka kwangu. Sikumjibu. Nilijiona nina haki.

Siku chache baadaye ilikuwa sikukuu ya mfunguo tatu, na mtoto wa dada yangu, ambaye kazi yake ni ya mitandao huko Dar es Salaam, akavuka kuja kula Iddi nasi.

"Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba mwanangu. Kabla hujala, nitazamie hii."

Aliitazama. Nilitegemea aniulize habari za yule kijana, lakini hakuuliza. Aliuliza saa. Onyo liliandikwa 11:52 usiku, yaani saa sita kasoro dakika nane. "Saa hiyo, mama mdogo, wewe ulikuwa unafanya nini?" Nikavuta kumbukumbu. Umeme ulikuwa umekatika, simu kubwa imezima chaji, nami nilikuwa nangoja jibu la wageni waliokuwa njiani. Nilichukua ile simu ndogo ya zamani, nikasoma barua humo kwa dakika mbili tatu, nikalala. "Kwenye simu ndogo unafungulia nini?" Nikamwambia Opera Mini, programu ya kufungulia kurasa za mtandao, kwa sababu inakula bando kidogo.

Akaichukua ile simu, akaingia nayo kwenye akaunti yangu mbele ya macho yangu, kisha akafungua kwenye laptopu orodha ya vifaa vilivyoingia kwenye akaunti. Mstari mpya ukatokea. Norwe, dakika moja iliyopita.

"Huyo mtu wa Norwe ni wewe."

Opera Mini, alinieleza, haiendi yenyewe kuleta ukurasa. Inaziomba seva, yaani kompyuta kubwa, za kampuni ya Opera ziulete, ziukamue uwe mdogo, ndipo ukutumie. Hiyo ndiyo siri ya kuokoa bando. Kampuni hiyo ni ya Oslo, huko huko Norwe. Gmail ilipogongewa mlango usiku ule haikuiona simu yangu iliyo Jambiani, iliiona seva iliyotumwa kwa niaba yangu, ikaandika nchi ambayo anwani ya seva ile imesajiliwa.

Nilikuwa bado sijaelewa vizuri, ndipo akanipa mfano ambao tangu siku ile nawapa wengine. "Zamani barua za babu zilikuwa zinakuja wapi?" Kwa sanduku la shule, nikamwambia, S.L.P. ya mjini. "Na mtu wa Uingereza akiisoma ile anwani, angekuja kumtafuta babu wapi?" Angekwenda mjini, posta, kwenye lile ukuta la vijisanduku vya chuma. "Na barua mbaya ikitoka na anwani ile, angemkamata nani?" Nikanyamaza. Sanduku lile walilitumia walimu, wazazi wa wanafunzi, na karibu nusu ya kijiji. Namba ilikuwa moja, watu hawana idadi, na hata mmoja hakuwa akiishi posta.

Anwani ya IP, ile safu ya tarakimu ambayo barua pepe hutumia kukisia ulipo, ni sanduku la posta la namna hiyo. Kwetu Afrika mafungu ya anwani hizi hugawiwa na AFRINIC, taasisi yenye makao Mauritius, ikayapa makampuni ya simu na ya intaneti. Kampuni ya simu ikishapata fungu lake, huligawa kwa wateja itakavyo. Halafu wapo watu wengine kabisa, wafanyabiashara wa takwimu, wanaotengeneza majedwali ya kusema anwani hii iko mji huu na ile iko mji ule. Wanatazama usajili, wanapima njia, wanakisia. Nchi huwa wanaipata mara nyingi. Mji wanaukosa sana, hasa kwenye laini za simu. Tena anwani za mfumo wa zamani, ambao bado unatumika sana, hazifiki hata bilioni 4.3 kwa dunia nzima. Hazitoshi. Basi kampuni ya simu inawatoa maelfu ya wateja nje kwa anwani moja, kama watu waliopanga foleni kwenye mlango mmoja wa stendi.

Ndiyo maana mimi, ambaye kutoka hapa mpaka mjini ni zaidi ya kilomita 50 na kutoka mjini mpaka Dar es Salaam ni bahari, kila siku ya Mungu orodha yangu inasema niko Dar es Salaam. Zipo siku ilisema Arusha. Sijatoka barazani.

Kwa muda nilidhani pale pameandikwa njia ya waya, intaneti ilikopita. Sivyo. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikatika upande wa Afrika Kusini, na sisi Tanzania tukawa karibu gizani. Mawasiliano yaliporudi kwa kusuasua, data ikipitishwa njia za mbali, orodha yangu ilisema Dar es Salaam vile vile. Kinachoandikwa ni sanduku, safari ya barua haimo.

Jioni ile ya Iddi mwanangu alinisimulia pia kisa cha shamba moja Kansas, Marekani, karibu na mji mdogo wa Potwin. Kampuni moja ya majedwali haya ilikuwa ikikutana na anwani ambayo inajua tu kwamba ni ya Marekani, mji haijui. Ikaamua kuziweka zote karibu na katikati ya nchi, ikakadiria namba za ramani ziwe nzima, 38 kaskazini na 97 magharibi. Nukta ikaangukia uani kwa watu. Zaidi ya anwani milioni 600 zikawa zinaelekeza kwenye nyumba ile moja. Kwa miaka waliopanga humo walijiwa na polisi, maofisa wa upelelezi, magari ya wagonjwa, na watu binafsi waliotapeliwa mtandaoni wakitafuta wezi wao. Waandishi walipolifichua jambo hilo mwaka 2016, kampuni iliihamisha ile nukta ikaiweka katikati ya maji ya ziwa.

Nilikisikiliza kisa kile huku nikimfikiria kijana wa Bergen. Na mimi nilikwenda kwa watu nikagonga mlango kwa sababu ya nukta kwenye ramani. Na pamoja na kujua hivyo, sikumwomba radhi. Nilisema nitamwandikia kesho, kesho ikawa wiki, wiki ikawa msimu. Aibu ikikaa sana inakuwa kama samani, unaizunguka tu unapopita.

Tatizo ni kwamba somo la siku ile nililibeba nusu. Nilitoka nalo hivi: mahali pa kigeni pasikutishe. Hilo ni kweli. Lakini nikajijengea upande wa pili bila kujijua: mahali pa nyumbani pasikushughulishe. Kila nilipofungua orodha, jicho lilikuwa linatafuta jina la nchi. Likiona Tanzania linapita.

Juni 2022 nilipata ujumbe wa WhatsApp kutoka kwa mama mmoja wa Hamburg. Yeye na mumewe walikuwa wameweka nafasi ya siku kumi, kisha wakanyamaza. Barua zangu mbili hazikujibiwa, nikajua wamebadili nia, jambo la kawaida kwenye kazi hii. Sasa ananiuliza kwa upole: zile euro 480 mlizotaka tuzitume kwenye akaunti mpya, zimefika?

Akaunti mpya ipi?

Akanipiga picha ya kioo cha simu yake. Barua ilitoka kwenye anwani yangu mimi. Salamu zangu za mwisho zilikuwepo kama ninavyoziandika, pamoja na lile "Karibuni sana Jambiani" ambalo siachi. Ankara ilikuwa ya kwangu, mhuri wa kwangu. Kilichogeuzwa ni benki na namba ya akaunti tu. Na namba yangu ya WhatsApp ilibaki chini ya ankara, pengine waliisahau, na kwa hiyo tu yule mama akaweza kunifikia.

Nikaifungua orodha ya vifaa huku vidole vinatetemeka, nikitafuta nchi ya ajabu. Hakuna. Simu yangu, Tanzania. Kompyuta ya Windows, Tanzania. Kompyuta ya Windows, Tanzania.

Nilisoma mara tatu nne kabla sijaona. Mistari ya Windows ni miwili. Laptopu ninayo moja.

Ile mistari miwili ilikuwepo pale tangu miezi, nami nilikuwa nimeiona, nikadhani ni kitu kimoja kimeandikwa mara mbili. Nikampigia mwanangu. Akaniambia nisifunge chochote kwanza, nipige picha kila ukurasa, kisha nimsomee saa. Kwenye kompyuta, ukifungua Gmail, chini kabisa upande wa kulia pana maandishi madogo ya shughuli za mwisho za akaunti, na kiungo cha kuona maelezo. Humo kuna njia iliyotumika kuingia, anwani ya IP, na wakati. Nikamsomea: "9:15, 9:22, 9:40. Hiyo ni saa tisa, mimi saa tisa nipo ofisini, hii ni mimi." Akaniuliza mbele pameandikwa herufi gani. PM. "Mama mdogo, hiyo si saa tisa. Hiyo ni saa tatu usiku."

Nimeishi na saa za namna mbili maisha yangu yote. Ndege ya mgeni naisoma kwa saa za kizungu, nampa dereva kwa saa zetu, na sijawahi kumwacha mgeni uwanjani. Lakini peke yangu, nikitazama kitu kwa haraka na nikiwa tayari nimeshaamini kwamba ni mimi, jicho lilisoma tisa na moyo ukajibu tisa. Saa tatu na robo usiku laptopu ya ofisi imeshafungwa, nami niko jikoni au kwenye mkeka.

Kisha akanielekeza kwenye mipangilio, upande wa vichujio. Kulikuwa na viwili ambavyo sikuviweka. Kimoja kilikuwa na anwani ya yule mama wa Hamburg: kila barua yake ikifika isionekane kwenye kikasha, iwekwe kumbukumbu, ihesabiwe imesomwa. Cha pili kilikuwa cha mgeni mwingine wa Julai, ambaye bado hajatuma kitu. Barua za Hamburg zote zilikuwa zinafika kwangu, na zote zilikuwa zimefichwa ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Namshukuru Mungu kwa yule wa Julai, tulimwahi.

Lilibaki swali la nani na tangu lini. Orodha ya vifaa ilionyesha kwamba ile Windows ya pili iliingia mara ya kwanza tarehe 9 Machi. Mimi nina daftari la matumizi, la jalada gumu, tabia niliyorithi kwa marehemu mama. Kila shilingi inayotoka inaandikwa. Nikalifungua mezani kando ya laptopu. Tarehe 9 Machi: nauli ya gari ya 309 kwenda na kurudi, dawa ya mbu, betri za tochi, na mstari mmoja kwa mwandiko wangu, "steshenari, kuchapa mikataba kurasa 6."

Ikarudi yote. Nilikuwa na haraka ya kuwahi ofisi ya vibali. Flashi yangu ilikataa kusoma, kijana wa steshenari akaniambia "ingia tu kwenye barua pepe yako, mama, tuchape kutoka humo." Nikaingia. Nakumbuka kompyuta iliuliza kama ihifadhi nywila, nami nikabonyeza kile kilichokuwa karibu ili kidirisha kiondoke. Nyuma yangu palikuwa na foleni. Nikachukua karatasi zangu zikiwa bado na joto la mashine, nikalipa, nikatoka. Akaunti sikuifunga.

Nani aliyekaa kwenye kiti kile baadaye, mpaka leo sijui. Yule kijana, rafiki yake, mteja mwingine, siwezi kusema, na baada ya Norwe siwezi tena kumtaja mtu kwa sababu ya mahali. Nilipeleka picha zote polisi, nikaandikisha, wakaniambia ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Fedha hazikurudi. Wale wageni wa Hamburg niliwaambia waje, siku zao kumi zipo. Nusu ya hasara nikaibeba mimi, nusu wao, na hilo la nusu walilitaka wao wenyewe.

Usiku ule tulifanya kazi mpaka saa saba. Kwanza kuitoa nje ile Windows ya pili na kila kifaa kingine, kikiwemo changu. Kisha nywila mpya, ndefu, ambayo haijawahi kutumika mahali pengine. Kisha vichujio, na ukurasa wa kupeleka nakala za barua kwa anwani nyingine, maana mwizi akishaweka hapo anwani yake unaweza kubadili nywila kila siku na barua zikaendelea kumfikia. Kisha namba ya simu na barua pepe ya kurejesha akaunti, kuhakikisha ni zangu. Kisha programu zilizopewa ruhusa ya kusoma barua. Mwisho uthibitishaji wa hatua mbili, ili nywila peke yake isitoshe kuingia, na zile namba 10 za akiba nikazinakili kwenye karatasi, nikaiweka ndani ya sanduku la kanga. Mpangilio huo una maana yake. Watu wengi wanakimbilia nywila, wanaacha kichujio, na kesho wanashangaa.

Sasa orodha ile naifungua kila Ijumaa baada ya sala, daftari likiwa kando. Nimeacha kuanza na mahali. Naanza na idadi: vifaa vyangu ni viwili, simu na laptopu, ikizidi nasimama. Halafu saa, naisoma kwa sauti kwa Kiswahili, "saa tatu usiku," ili nisijidanganye tena. Halafu najiuliza nilikuwa wapi na nashika nini saa hiyo. Halafu vichujio. Mahali nakutazama mwisho kabisa, na nakuuliza swali moja tu: je, kuna namna ya kueleweka?

Mara nyingi ipo. Binamu yangu alinijia na hofu kwamba barua pepe yake inaingiliwa kutoka Uholanzi kila baada ya muda. Nikamwomba simu. Alikuwa ameweka programu ya Outlook, na hiyo huletewa barua na seva za Microsoft, ambayo ina vituo vikubwa huko. Wageni wangu wenye VPN, programu ya kuipitisha intaneti yako nchi nyingine, huonekana nchi yoyote wanayoichagua. Mwaka 2023 nilikwenda Muscat arusini, na pale sebuleni kwa shemeji nilijaribu mwenyewe. Kwa laini yangu ya nyumbani orodha ilisema niko Tanzania, kwa sababu ukiwa ugenini data ya laini huwa kwa kawaida inarudishwa kwanza kwa kampuni yako ndipo itoke nje. Nikawasha waifai ya mwenye nyumba, nikawa Oman. Kochi lile lile, kahawa ile ile haijapoa.

Na kama mimi niliweza kuonekana niko nyumbani nikiwa Muscat, mwizi naye anaweza. Wapo wanaouza njia za kutokea kwenye mji wowote autakao mnunuzi, hata kupitia intaneti za majumbani mwa watu. Ndiyo maana Tanzania kwenye ule mstari hainipi usingizi peke yake.

Jambo jingine nalisema kwa kila mwenye biashara ninayekutana naye. Onyo lenyewe laweza kuwa mtego. Wiki mbili baada ya wizi nililetewa barua nzuri, ina nembo, inasema kuna aliyeingia kutoka Urusi, bonyeza hapa kumzuia. Nilikuwa na jeraha bichi, na mkono ulishakwenda. Kilichoniokoa ni kwamba mwanangu alishaniambia: onyo likija, liache hapo hapo, ufungue akaunti kwa njia yako mwenyewe, ukatazame orodha. Nikatazama. Urusi haikuwemo. Waliotuma ile barua walikuwa wanaijua hofu yangu kwa jina, nchi ya mbali, na kwa hofu hiyo ndiyo walitaka nywila.

Baada ya hayo yote ndipo nilimwandikia kijana wa Bergen. Miaka mitatu ilikuwa imepita. Nilimweleza yote, Opera Mini, sanduku la posta, steshenari. Nikamwambia nilimhukumu kwa nchi aliyozaliwa, na kwamba nilijua nimekosea siku nne tu baada ya kumwandikia, na nikanyamaza kwa aibu. Nilimwomba radhi bila kuweka "lakini" popote. Niliisoma barua mara mbili kuzitafuta, nikazitoa.

Siku nne hakujibu. Ya tano akaandika kwamba amepokea, na amesamehe, na akaniuliza kama kile kibao bado kipo au bahari imeshakila.

Nikatoka nje na simu, jua la saa kumi na moja jioni. Buluu imefifia, chumvi imeibandua herufi ya mwisho, lakini ngalawa inaonekana na tanga lake. Nikakipiga picha, nikamtumia.